Kava la Nepi Linanunuliwa kwa Lastiki Yake

Nepi ya kitambaa ikivuja, ushauri wa haraka huwa ni kuongeza kitambaa ndani. Mama anaongeza. Nepi inanenepa, miguu ya mtoto inapanuka, na mkojo bado unatokea pembeni. Ifungue nepi hiyo uipapase: mara nyingi mbele imelowa na nyuma ni kavu kabisa. Kitambaa kilikuwa na nafasi ya kutosha, ila mkojo haukungoja kunyonywa. Uliona upenyo pajani, ukatoka. Tatizo liko kwenye kava, yaani vazi la nje lisilopitisha maji linalovalishwa juu ya nepi, hasa kwenye lastiki ya paja, sehemu ambayo wauzaji karibu wote hawaipigi picha.

Kwa hiyo hapa hatutazungumzia rangi, maua wala ulaini wa kitambaa. Aina zote zilizopangwa hapa chini zimepangwa kwa jinsi zinavyobana paja na kwa muda ambao lastiki yake itadumu.

Geuza kava nje ndani kwanza

Lastiki hushonwa kwa namna tatu, na tofauti yake huonekana kwa macho.

Kuna ile inayoshonewa moja kwa moja juu ya kitambaa kisichopitisha maji, kwa mshono wa zigizaga. Sindano huacha safu ya matundu kuzunguka paja lote, katika utando uleule unaotegemewa kuzuia maji. Kava likiwa jipya uzi hujaza matundu na hakuna kinachoonekana. Baada ya kufuliwa na kuvutwa kwa miezi, matundu yanalegea. Na lastiki hiyo ikichoka huwezi kuitoa bila kufumua ukingo mzima.

Kuna utepe unaonyumbuka, uliokunjwa ukingoni, nusu ndani na nusu nje. Ni mlaini na hauachi alama kwenye ngozi, ndiyo maana unapendwa. Ubaya wake ni kwamba tepe nyingi hunyonya: upande wa ndani ukilowa, unyevu unatambaa hadi upande wa nje na kuishia kwenye nguo, ingawa kava lenyewe halijapitisha hata tone. Utepe wa pamba ndio mbaya kuliko yote. Weka tone moja la maji juu ya utepe. Likikaa kama lulu, endelea kulikagua kava hilo. Likizama, lirudishe rafuni.

Namna ya tatu ndiyo ya kununua: lastiki imepitishwa ndani ya upindo na kushonwa kwenye ncha zake mbili tu. Ukibana upindo kwa vidole viwili utaisikia ikicheza humo. Ikichoka, fundi yeyote ataibadilisha, hata wewe mwenyewe. Fumua sentimita mbili za upindo kwenye kila ncha, ukate uzi ulioshika lastiki. Unganisha lastiki mpya ya milimita 6 na ncha ya ile ya zamani kwa pini, kisha vuta ya zamani itokee upande wa pili, nayo mpya itaifuata. Shona ncha zote mbili kwa kurudia mara tatu, funga upindo. Usiikate ndefu kama ile iliyotoka, kwa kuwa ile ilishakwisha nguvu na kurefuka. Chukua kipimo kutoka kwenye kava jipya la aina hiyohiyo, au jaribu kwa mtoto mwenyewe kabla ya kushona ncha ya pili.

Kisha chukua futi ya cherehani. Pima ukingo wa paja ukiwa umetulia, halafu ukiwa umevutwa hadi mwisho. Kava zuri hufika karibu mara mbili. Lisilofika mara moja na nusu halitambana mtoto mwembamba, na watoto wengi huanza wembamba mapajani. Lishike likiwa limevutwa kwa nusu dakika, liachie, pima tena: lazima lirudi palepale.

Nafasi ya kwanza: kava la kuta mbili na nepi za mraba

Kuta mbili maana yake ni safu mbili za lastiki kila paja. Ya ndani husimama wima ikishika choo, ya nje hubana ngozi. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama hutoa choo chepesi chenye kasi, na safu moja ya lastiki haiwezi kukizuia akiwa amekalishwa. Bila kuta mbili utafua nguo zake zote hadi za mgongoni.

Hapa sifichi upendeleo: kava la chapa ya Thirsties liitwalo Duo Wrap. Ina kuta mbili, na inatengenezwa kwa saizi mbili, ya kwanza kwa mtoto wa paundi 6 hadi 18, yaani takriban kilo 2.7 hadi 8, na ya pili kuanzia hapo hadi paundi 40, takriban kilo 18. Kununua mara mbili kunauma, najua. Lakini kava la “saizi moja kwa wote” huwekwa vifungo vya kupunguza urefu wa mbele, na mduara wa paja hupungua kidogo sana. Mtoto wa kilo 3 akivalishwa, anabaki na mwanya unaopitisha kidole kila upande. Wauzaji wanaendelea kuliuza kama kava la tangu siku ya kuzaliwa, na mama akilalamika anaambiwa hajui kuvalisha.

Velkro au vifungo vya kubonyeza? Kwa miezi ya mwanzo velkro, kwa sababu unaibana pale hasa kiuno kilipo badala ya kuruka kutoka tundu moja hadi lingine. Ikunjie kwenye kipande chake cha ndani kabla ya kufua, la sivyo inajaa nyuzi na kuacha kushika. Mtoto akishajua kuivua, hamia kwenye vifungo.

Ndani weka nepi za mraba za pamba zenye upande wa sentimita 70 hivi. Kitambaa ni tabaka moja, kwa hiyo kinatakata vizuri na kukauka upesi. Asiyependa kukunja anunue zile zilizoshonwa tabaka 4 pembeni na 8 katikati. Pamba mpya ambayo haijang'arishwa ina nta ya asili: ifue kwa maji ya moto mara tano au sita kabla ya kuitegemea, na utarajie isinyae. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku. Ukifua kila baada ya siku mbili unahitaji nepi 30 hadi 36, ukihesabu na zile zilizo kwenye kamba. Makava 6 hadi 8 yanatosha, maana lisiloguswa na choo hufutwa, hupewa hewa na kurudiwa.

Kuvalisha kuna jambo moja tu la kushikilia. Lastiki ikae kwenye mkunjo wa kinena, pale chupi inapokaa, isishuke juu ya nyama ya paja. Halafu pitisha kidole kuzunguka ukingo wote na usukumie ndani kila kitambaa kinachochungulia. Sentimita moja ya pamba ikitoka nje, mkojo wote unaifuata.

Nafasi ya pili, usiku tu: kava la sufu

Sufu ina uwezo wa kushika unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla ya kuonekana imelowa, na inapitisha hewa. Paja la kava la kufumwa hubanwa na ufumaji wenyewe, hivyo hakuna lastiki ya kuchoka. Kava hili halihitaji kufuliwa kila siku. Lianike lipate hewa, ulifue kwa mkono baada ya wiki mbili au tatu kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Likianza kupitisha maji, lanolini, yaani mafuta ya asili ya sufu, imekwisha: yeyusha kijiko cha chai cha lanolini kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni hadi yawe meupe, yapoze, loweka kava usiku kucha, likamue ndani ya taulo na ulianike kivulini. Ukilitia maji ya moto na kulisugua, nyuzi zake zitashikamana na litasinyaa lisifae tena. Kazi hii si ya kila mtu, lakini kwa mtoto anayelala usiku mzima sijaona kinacholishinda.

Ya tatu: nepi za mfuko

Hizi ni kava lenye mfuko ndani, ambamo unaingiza kitambaa cha kunyonya. Chapa ya Rumparooz ndiyo ya kutafuta katika kundi hili, kwa sababu ileile: ina kuta mbili za ndani. Nyingine nyingi zina safu moja, na huuzwa na vitambaa vya kuingiza vya maikrofaiba, yaani nyuzi nyembamba sana za plastiki. Maikrofaiba hunyonya haraka, lakini ukiibana inatema, na mtoto aliyekaa au kufungwa kwenye kiti anaibana muda wote. Isiguse ngozi pia, maana inaikausha. Weka pamba juu na hempu, kitambaa cha nyuzi za mmea, chini: pamba inapokea upesi, hempu inanyonya polepole lakini inashika mkojo mwingi. Ukitaka kupima kitambaa chochote, kipime uzito kikiwa kikavu, kiloweke, kikandamize kwa kiganja, kipime tena.

Kuhusu vile vitambaa vya kijivu vinavyoitwa “mkaa wa mianzi”: mara nyingi juu ni poliesta ya kijivu na katikati ni maikrofaiba. Muuzaji akishindwa kukuandikia asilimia za nyuzi, jua unalipia rangi.

Ya nne: nepi ya kila kitu kwa pamoja

Kava na kitambaa vimeshonwa kuwa kitu kimoja. Ni rahisi kuvalisha, lakini hukauka polepole mno, na lastiki yake ikifa unatupa na kitambaa kizima kilichoshonewa humo.

Ya mwisho: chupi za plastiki. Zitakuvusha wiki chache, kisha plastiki inakauka na kupasuka mshononi.

Kinachoua lastiki baada ya kulipa

Joto la mashine ya kukaushia, dawa ya kung'arisha yenye klorini, na kuivuta ikiwa bado ina joto. Krimu za zinki na mafuta ya kupaka huziba nyuzi za pamba zisinyonye, na mafuta yakifika pajani yanaozesha mpira. Paka kidogo na uweke kipande cha kitambaa katikati. Dawa ya kulainisha nguo usitie kabisa. Nepi zilizolala na mkojo kwenye ndoo hutoa amonia, na amonia pamoja na unyevu vinabandua utando wa kava, hivyo suuza za usiku asubuhi ileile.

Seti kubwa za bei ya punguzo ndizo zinazoniudhi zaidi. Makava kumi na mbili, vitambaa kumi na mbili vya maikrofaiba, mfuko wa bure, na gharama imepunguzwa penye lastiki. Nunua moja, lifue mara kumi, pima paja lake tena. Likiwa limerefuka zaidi ya sentimita moja likiwa limetulia, usirudi kwa muuzaji huyo.

Makava ya mitumba nayo yana faida, ikiwa upindo una njia ya kubadilishia lastiki. Ila kagua utando: ukunje mbele ya taa. Ukiona viputo, mikunjo inayong'aa au vipande vinavyobanduka, hakuna fundi atakayeurudisha.