Mkono wa muuguzi au mammogramu? Kwa wanawake wa visiwa vya Lamu

Mammogramu, picha ya eksirei ya kutafuta saratani ya matiti, huweza kuona uvimbe kabla vidole havijaugusa, na mwongozo wa Kenya wa 2018 unaipendekeza kila mwaka kuanzia miaka 40 hadi 55. Lakini mashine hiyo haipandi mashua. Mama wa Faza, kisiwani Pate, ndiye aifuate: boti, nauli, siku nzima nje ya nyumba.

Muuguzi hufika mwenyewe. Leso hutundikwa mlangoni, mama hulala mkekani, na vidole vitatu huzunguka polepole titi zima hadi kwapani. Utafiti wa Mumbai, India, uliofuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20 ulionyesha kuwa upimaji huu, ukifanywa kila baada ya miaka 2, ulipunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu asilimia 30 kwa waliotimiza miaka 50.

Mimi, kwa visiwani, naanza na mkono, mradi atakayekutwa na uvimbe alipiwe safari ya ultrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti, na ya kupimwa kipande kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe.

Wasichana je? Mammogramu haiwafai, matiti yao yamejaa tishu nzito, picha hutoka nyeupe tupu. Uvimbe wa umri huo mara nyingi si saratani, ila binti anayeuficha kwa haya hukesha na hofu peke yake. Aambiwe hayo mapema, na mama au shangazi anayemwamini.