Kadi za gundi na mtego wa Tuta kwa grinihausi za Malindi: kipi ununue kwanza

Kwa anayelima nyanya, hoho au matango ndani ya grinihausi huku Malindi, kadi ya manjano yenye gundi hulipa gharama yake mapema kuliko kifaa kingine chochote cha kuchunguza wadudu, mradi iwe nzima na isomwe kila wiki. Madukani kuna bidhaa nne za aina hii: kadi za manjano, kadi za buluu, mkanda wa manjano wa kukata kwa mita, na mtego wa Tuta, yaani nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya. Thamani yake si sawa hata kidogo.

Kadi ya manjano hunasa inzi weupe, vidukari wenye mabawa na inzi wachimba majani. Wa kuogopwa zaidi ni inzi mweupe, kwa sababu hubeba virusi vinavyoyakunja majani ya nyanya na kuyageuza manjano, na mche ulioambukizwa ungali mdogo hauzai cha maana. Chagua kadi yenye gundi pande zote mbili na miraba iliyochorwa. Kabla ya kulipa, omba ubandue pembe moja ya karatasi. Gundi ikivutika nyuzi ndefu au ikibaki kwenye karatasi, kadi hizo zimekaa juani au chini ya bati lenye joto, na ndani ya grinihausi saa saba mchana zitachuruzika. Ikikunata mikononi, sabuni pekee haitoshi, pakaa mafuta ya kupikia kwanza.

Grinihausi ya mita 8 kwa 30 inatosheka na kadi nne: moja mlangoni, mbili katikati, na moja upande unaopigwa na upepo. Hiyo ya mwisho ihamishwe Kusi inapopisha Kaskazi, maana wadudu wengi huletwa na upepo kutoka mashamba ya mabiringani na mabenda ya jirani. Ukingo wa chini wa kadi uwe sentimita 10 hadi 15 juu ya ncha za mimea, na ufunge pembe mbili ili isizunguke. Hapa ndipo kazi huharibikia. Nyanya hurefuka, kadi haipandishwi, majani huinatia na kuifunika, hesabu inashuka, na mkulima anaamini wadudu wamepungua wakati wanazaliana juu yake. Kwa joto la pwani inzi mweupe hutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki tatu au pungufu, kwa hiyo wiki mbili za hesabu ya uongo ni hasara kubwa.

Soma kadi siku ileile kila wiki, ukiwa na lenzi inayokuza mara 10, na uandike tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika. Inzi mweupe aliyekaa siku kadhaa kwenye gundi hupoteza unga wake akaonekana wa manjano, hivyo wengi humruka. Kidukari mtambue kwa vijibomba viwili nyuma ya mwili, na mchimba majani kwa doa la manjano mgongoni katikati ya mabawa. Wakizidi, hesabu ukanda mmoja wa wima katikati, wenye upana wa sentimita 2.5. Kwa kadi ya upana wa sentimita 25, zidisha kwa 10 upate makadirio ya upande huo. Ukanda uwe wa wima, kwa kuwa wadudu hawanasi sawa juu na chini. Linganisha wiki na wiki. Lakini katika wiki za mwanzo baada ya kupandikiza miche, hata inzi mweupe mmoja ni sababu ya kugeuza majani na kukagua chini yake siku hiyohiyo. Miezi mikavu ya Kaskazi kadi ya mlangoni hujaa vumbi mapema, ibadilishe bila kungoja nyingine.

Kadi haitakuonyesha utitiri mwekundu, kwani hauna mabawa, wala mayai na tunutu, yaani wadudu wachanga wasioruka bado. Kila wiki kagua chini ya majani ya mimea kumi hivi kutoka mistari tofauti.

Mtego wa Tuta ni bidhaa nzuri, ila ubora wake unategemea duka. Mdudu huyu aligunduliwa Kenya mwaka 2014, na kadi ya manjano haitoshi kumfuatilia. Ndani ya kibanda cha plastiki huwekwa kipande cha mpira chenye harufu ya jike, kwa hiyo hunasa madume tu. Chambo hicho hudumu wiki nne hadi sita, na kwa joto letu kibadilishe ya nne. Uliza kama kimehifadhiwa kwenye friji, na kama kilikuwa rafuni kiache. Kishike kwa kibano au glavu safi, na cha zamani usikitupe shambani, bado kinaita. Tundika mtego mmoja nje karibu na mlango na mwingine ndani. Wa ndani ukinasa, tafuta tundu kwenye neti au kagua miche iliyoingizwa.

Kadi za buluu ni za thripsi, wadudu wadogo wembamba, na zinafaa kwa hoho na matango. Kwa nyanya si lazima. Mkanda wa mita ni wa kupunguza inzi wengi kwa mpigo, wala hauna miraba ya kuhesabia. Ununue baada ya kadi, lenzi na mtego wa Tuta, si kabla.