Uzoefu wangu na kulabu za fundi kwenye injini za boti, Mwanza

Kulabu na vyuma vyembamba vya kuchokonolea ni vifaa ambavyo mafundi wengi huvinunua mwisho, baada ya spana, bisibisi na koleo kukamilika, ilhali mara nyingi ndivyo vinavyoamua kama oili sili, ule mpira wa duara unaozuia oili kuvuja kwenye shafti, itatoka bila kuharibu mahali inapokaa. Karakana yangu ipo Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na kazi nyingi ninazoletewa ni injini za petroli za mitumbwi ya dagaa na sangara. Zinazobaki ni pikipiki za bodaboda. Nimetumia seti mbili za vifaa hivi kwa muda wa kutosha kuzilinganisha. Moja ilikuwa ya kung'aa, yenye mipini ya rangi mbili iliyofunikwa mpira laini. Ya pili ilikuwa nyeusi, isiyo na mvuto wowote, na bei yake ilikaribia kuwa mara tatu ya ile ya kwanza. Sitataja majina ya watengenezaji, kwa sababu ninachotaka kueleza kinaweza kukaguliwa kwenye seti yoyote iliyopo mezani kwa muuzaji.

Jambo la kwanza kuangaliwa ni ncha, na hukumu yangu juu yake ni moja: ncha inayopinda kidogo ina faida kuliko ncha inayokatika. Mnunuzi anaweza kudhani kwamba chuma kigumu kuliko vyote ndicho kinachodumu. Kwa kifaa chembamba kama hiki sivyo, kwa sababu chuma kilichotiwa ugumu kwa moto kisha kisipashwe tena kwa kiasi ili kirudishiwe unyumbufu huvunjika ghafla bila kutoa ishara. Ncha ya milimita mbili ikikatikia ndani ya kabureta, hasara ni ya muda tu. Ikikatikia kwenye giaboksi ya injini ya boti na fundi asiione, itazunguka pamoja na oili mpaka ifike kwenye meno ya gia. Hapo mwenye mtumbwi atalipia gia, si sili. Seti yangu ya kung'aa ilikuwa ya aina hiyo: kulabu yake ya nyuzi tisini ilikatika nikiwa navuta o-ringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) ya kifuniko cha pampu ya maji, kazi ambayo haihitaji nguvu kubwa, na kipande nilikipata kwa sumaku. Kulabu kama hiyo kwenye seti nyeusi imeshapinda na kunyooshwa, na bado inafanya kazi.

Maandishi ya Cr-V yaliyogongwa kwenye chuma hayatoshi kuwa ushahidi. Yanaeleza kwamba chuma hicho kimechanganywa na kromiamu na vanadiamu, na katika vyuma vya kawaida vya aina hii kromiamu huwa karibu asilimia 1 na vanadiamu sehemu ndogo tu ya asilimia. Mchanganyiko huo ni mzuri, lakini ubora wa ncha hutegemea zaidi namna kiwanda kilivyokitia moto na kukipoza, na hilo halisomeki kwenye maandishi. Seti zangu zote mbili zina maandishi hayohayo.

Kinachoweza kufanywa dukani ni kuomba ruhusa ya kupitisha tupa ndogo mara moja karibu na ncha, mahali ambapo alama haitamsumbua mtu. Tupa ikiteleza kama inapita juu ya kioo, chuma ni kigumu mno kwa kazi ya kuvuta. Ikizama na kutoa unga mwingi kama kwenye msumari, ni laini na kulabu itanyooka siku ya kwanza. Kinachotakiwa ni tupa kuuma kwa shida. Baada ya hapo ninaibana ncha kwenye ubao na kuisukuma pembeni kidogo, kisha natazama kama imerudi ilipokuwa. Baadhi ya wauzaji wa pale Makoroboi hawapendi ukaguzi huu, na ninawaelewa, lakini anayekataa hata ncha isukumwe kwenye ubao huwa namwachia mali yake.

Baada ya ncha ni mpini, na hapa seti ya bei rahisi ilinifundisha mengi zaidi kuhusu petroli kuliko kuhusu chuma. Mpira laini unaofunika mpini hupendeza mkononi ukiwa mpya, lakini fundi wa injini hizi hashiki kitu kikavu: mikono ina petroli iliyochanganywa na oili, na mpira wa aina isiyostahimili mafuta huvimba, hunata, kisha huanza kuachana na plastiki iliyo chini yake. Mipini ya seti nyeusi ni ya plastiki ngumu yenye mifereji, haina mpira wowote, na kuisafisha ni kuipangusa kwa kitambaa. Pia ninakagua jinsi chuma kilivyoingia kwenye mpini. Ninakishika chuma kwa koleo na kuuzungusha mpini kwa mkono. Ukicheza hata kidogo, utazunguka mtupu siku kulabu itakapokwama nyuma ya sili, kwani kazi hii ni ya kuzungusha na kuvuta kwa pamoja. Chuma kilichofanywa bapa upande unaoingia kwenye mpini hushika vizuri kuliko kile cha mviringo kilichogandishwa kwa gundi.

Kuhusu maumbo, seti ya kawaida huwa na vipande vinne: kilichonyooka, kilichopinda nyuzi arobaini na tano, kilichopinda nyuzi tisini, na kulabu kamili iliyojikunja kama ndoano. Kwangu kile cha nyuzi tisini ndicho kinachofanya sehemu kubwa ya kazi, kuanzia kutoa sili hadi kuvuta springi za breki za pikipiki. Kilichonyooka kinafaa kusafisha tope kwenye vichwa vya skrubu na kufungua vishikizo vya soketi za umeme. Kulabu kamili naitumia kwa nadra, hasa kuvuta pini ya nati ya propela iliyoshika kutu. Cha nyuzi arobaini na tano ni kizuri kwa kuzungushia mpira wa maji uliogandana na bomba lake, kwa kupitisha chuma kati ya mpira na bomba na kuuachanisha pole pole badala ya kuukata.

Kuna kipande ambacho hakimo kwenye seti zote mbili, nacho ni ncha ya shaba nyeupe au ya plastiki ngumu. O-ringi nyingi hukaa kwenye mfereji uliochongwa kwenye alumini, na alumini huchubuka kwa chuma hata kikiguswa kwa upole. Mkwaruzo mmoja ndani ya mfereji huo, au juu ya shafti ya propela mahali mdomo wa sili unapogusa, hugeuka njia ya maji. Oili ya giaboksi ikitolewa baadaye huwa imegeuka nyeupe kama maziwa, na mteja hulaumu sili mpya ambayo haina kosa. Kwa kazi hizo nimechonga kijiti cha mwanzi na hunitosha kwa o-ringi ambazo bado ni laini. Zile zilizokauka kwa joto mpaka zikawa kama plastiki hazitoki kwa kijiti. Hizo nazitoboa katikati kwa ncha iliyonyooka, nikihakikisha ncha inazama kwenye mpira wenyewe na haifiki chini ya mfereji, kisha nazinyanyua.

Mafundi wengi hapa hutengeneza kulabu zao kwa spoki za baiskeli, na siwezi kuzidharau. Spoki yenye unene wa milimita mbili hivi hupinda bila kukatika, na kwa kuvuta springi au waya uliojificha inafaa kabisa. Kasoro yake ni kwamba haina nguvu ya kutoa sili iliyobana, na akiipasha moto ili aikunje vizuri, fundi huifanya iwe laini zaidi. Kosa kama hilo hutokea pia kwa kulabu za dukani wakati wa kuzinoa: ncha ikisagwa kwenye mashine mpaka ikageuka rangi ya bluu, joto limeshakaribia nyuzi 300 na ugumu umepungua. Ninanoa kwa kugusa jiwe kidogo na kuchovya kwenye maji mara kwa mara, au kwa tupa laini iwapo chuma kinakubali.

Kutu haikunisumbua sana, kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya bahari kule Tanga au Dar es Salaam. Chuma cheusi kisichopakwa kromu hupata kutu kidogo wakati wa masika, na tone la oili ya injini kwenye kitambaa linamaliza habari hiyo. Naupendelea weusi huo kuliko mng'ao wa kromu, ambayo kwenye seti yangu ya kwanza ilianza kubanduka magamba karibu na ncha. Magamba ya namna hiyo hayatakiwi kabisa karibu na silinda ya breki.

Ncha hizi ni hatari kwa jicho na kwa kiganja, kwa hiyo navaa miwani ya kinga ninapovuta springi, na kila ncha naichomeka kwenye kipande cha boya kuukuu la nyavu, ambalo Mwaloni halikosekani. Sanduku la plastiki lililokuja na seti nyeusi lilivunjika bawaba mapema, na hilo ndilo lalamiko langu pekee kwa bidhaa hiyo. Nikinunua tena nitachukua vipande viwili vya nyuzi tisini, kimoja kirefu na kimoja kifupi, endapo nitampata muuzaji anayeviuza kimoja kimoja, na kile cha kulabu kamili sitakilipia.