Siku nne Rovaniemi: pesa ya mbwa sijutii, ya basi la usiku nimeijutia

Kama mfuko wako unaruhusu jambo moja tu kule Lapland, kaskazini mwa Ufini, lipia safari ya sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji kinachovutwa na mbwa. Nimekaa Rovaniemi, Ufini, siku nne mwezi wa Desemba, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 9. Sisi tunaishi Helsinki, kwa hiyo tulipanda treni ya usiku yenye vitanda. Ni kama saa 12 njiani, na mtoto alilala karibu zote.

Kituo cha mbwa kiko nje ya mji. Asubuhi ile kipimajoto kilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Kabla hujawaona mbwa unawasikia: wanabweka, wanaruka, wanatafuna kamba, kila mmoja anataka waondoke sasa hivi. Kiongozi alitufundisha kukanyaga breki, na akasisitiza kwamba hata ukianguka usiiachie sleji, maana mbwa hawatakusubiri. Mume wangu akasimama nyuma kuendesha, mimi na binti tukakaa ndani juu ya ngozi ya reinda, wale kulungu wa kule. Nanga ilipong'olewa kwenye theluji, kelele zote zikakatika mara moja. Zikabaki pumzi zao na mkwaruzo wa sleji. Walikimbia huku wakichota theluji kwa mdomo pembeni mwa njia, ndiyo maji yao ya kunywa. Penye mwinuko sleji ilizidi kuwa nzito, na mbwa wa nyuma kushoto akageuza shingo akamkazia macho mume wangu mpaka akashuka kusukuma. Tulilipa yuro 170 kwa mtu mzima, na ningelipa tena kesho.

Lalamiko langu ni buti. Kampuni iliyotupokea inaazima ovaroli, glavu na buti, vyote vizuri, ila kaunta nilipewa namba ileile ninayovaa kila siku. Nikiwa na soksi mbili za sufu, mguu ulijaa ukabana. Baada ya nusu saa vidole vya kulia sikuvisikia kabisa, niliogopa. Kiongozi aliponiona nachechemea alinipeleka kwenye kibanda cha moto, akanivua buti mwenyewe, akanipa juisi ya moto ya matunda ya msituni, nikakaa mpaka vidole vikaanza kuchoma. Kesho yake niliomba buti lililozidi namba mbili, shida ikaisha. Hewa iliyomo ndani ya buti ndiyo inayotunza joto, na damu lazima ipate nafasi ya kupita. Haya walipaswa kuniambia pale kaunta. Jingine, usivae pamba karibu na mwili, ikishanyonya jasho inakugandisha. Vaa sufu.

Giza ndilo nililoliogopa kabla ya safari, na kumbe si neno. Jua lilichomoza saa tano asubuhi, saa saba na nusu mchana limeshazama. Adhuhuri, alasiri na magharibi tuliziswali karibu kwa mfululizo. Lakini kabla na baada ya hapo anga linakuwa la samawati na waridi kwa muda mrefu, theluji inarudisha mwanga, njia unaiona vizuri.

Pikipiki za theluji mara moja imenitosha, kelele na harufu ya petroli, na dereva lazima awe na leseni ya gari. Reinda wanakwenda taratibu, wanafaa kwa watoto. Mfugaji wao alituonyesha alama zilizokatwa masikioni mwao, kila mfugaji na yake, kama wafugaji wa kwetu wanavyowatia alama ng'ombe.

Usiku wa pili tulilipia basi dogo la kufuata mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayoonekana angani usiku. Mawingu yametanda, tukazungushwa kwa muda wa saa nne, tukarudi mikono mitupu, na pesa hairudishwi. Mianga ile inawaka kilomita 100 na zaidi juu, mawingu yako chini yake, hivyo hakuna anayeweza kukuahidi. Usiku wa mwisho mbingu ilisafika. Tukaenda kwa miguu hadi nyuma ya makumbusho ya Arktikum, ukingoni mwa mto Ounasjoki ulioganda. Kwanza niliona kama wingu jembamba la kijivu. Binti ndiye aliyesema, "Mama, linatembea." Likageuka kijani, likakunjuka kama kanga inayokung'utwa kabla ya kuanikwa. Hatukulipa hata senti. Tulisimama pale mpaka saa saba usiku, na vidole vyangu vyote nilivisikia.