Unga wa "panya wote walipona": nimeutumia wiki tatu

Huu unga wa kutibu kisukari niliununua Kadutu, mjini Bukavu, kwenye duka la dawa za mitishamba karibu na soko: kopo la gramu 200, dola 12. Kijana wa dukani aliniona nasoma karatasi ya kopo, akasema, "Papa, usiogope, hii ilijaribiwa kwa panya huko Ulaya. Wote walipona." Nikamwuliza hao panya waliuguaje. Akacheka: "Papa, sukari ni sukari."

Hapana. Nimefundisha biolojia miaka 22. Panya wa maabara mara nyingi hudungwa streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu. Siku chache tu sukari yake imepanda. Yangu ilinijia polepole, pamoja na kitambi na bugali wa usiku. Insulini ninayo, mwili ndio umekuwa sugu kwake. Wapo panya wanaonenepeshwa kwa mafuta, na wengine huzaliwa na kasoro ya kuwanenepesha. Hao angalau ni ndugu zangu. Kopo halisemi walitumia wepi. Lina picha ya panya mweupe, basi.

Wanyama siwadharau. Mwaka 1889 watafiti Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, akapata kisukari. Mwaka 1921, Toronto, Kanada, watafiti Banting na Best waliwadunga mbwa wa namna hiyo maji yaliyokamuliwa kwenye kongosho, sukari ikashuka. Ila hawakukimbilia sokoni na kopo. Januari 1922 alidungwa Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14 mwenye kisukari. Sindano ya kwanza ilimwachia jipu, sukari ikashuka kidogo tu. Dawa ikasafishwa upya, na siku 12 baadaye akadungwa tena. Safari hiyo ikashuka kweli. Dawa iliyowafaa mbwa ilikuwa bado haijamfaa mtoto.

Haya, matokeo yangu. Metformini, dawa yangu ya kisukari, sikuiacha, na nilipima sukari ya damu (mg/dL) kila asubuhi kabla ya chai. Kabla ya unga: 168, 174, 171. Wiki ya tatu: 170, 166, 175. Unga ni mchungu kuliko mubirizi na unajaza tumbo gesi. Vijiti vya kupimia vimenila pesa kuliko kopo lenyewe.

Duka ni safi, risiti wanatoa bila kuombwa. Nyota mbili kwa hilo. Nilipodai pesa zangu, kijana alinishauri ninunue kopo la pili, "la kwanza linaandaa mwili tu." La kwanza mke wangu ameshalimwaga, sasa anawekea chumvi.