Article 15: filamu ya Kihindi iliyolaumiwa na waliokasirika na waliotetewa

Article 15 ni filamu ya Kihindi ya dakika 130, iliyoongozwa na Anubhav Sinha, ambaye aliiandika pamoja na Gaurav Solanki, na iliingia kwenye kumbi za sinema nchini India tarehe 28 Juni 2019. Niliitazama nyumbani kupitia huduma ya filamu ya kulipia kwa mwezi, kisha nikairudia baada ya kusoma yaliyoandikwa juu yake. Ni nadra filamu moja ishambuliwe kwa wakati mmoja na watu wanaolinda nafasi yao ya juu katika jamii na pia na watu ambao filamu yenyewe imekusudia kuwasemea. Maoni yangu nayatoa mapema: kazi hii imetengenezwa kwa ustadi na ujasiri, malalamiko ya kundi la kwanza hayana msingi, na malalamiko ya kundi la pili yana uzito ambao wengi walioisifu filamu hawakuupa nafasi ya kutosha. Nikitakiwa kutoa nyota, naipa 4 kati ya 5, na nyota ile ya tano nimeizuia kwa sababu nitakayoieleza.

Kisa kinatokea Lalgaon, mji mdogo katika jimbo la Uttar Pradesh. Ofisa kijana wa polisi, Ayan Ranjan, anayeigizwa na Ayushmann Khurrana, anahamishiwa huko akitokea Delhi. Amewahi kuishi Ulaya, anazungumza kama mtu wa mjini, naye ni Brahmin, yaani amezaliwa katika tabaka la juu kabisa bila kulazimika kulifikiria hata siku moja. Hajakaa sawasawa, wasichana wawili wa Kidalit, yaani wa jamii zilizowekwa chini kabisa ya ngazi ya matabaka na kuitwa wasioguswa, wanakutwa wamening'inizwa kwenye mti, na wa tatu, Pooja, hajulikani alipo. Polisi wa pale wanataka faili lifungwe haraka: baba zao ndio waliowaua, wanasema, kwa kuona aibu. Uchunguzi unafichua jambo dogo linalotia uchungu kuliko yote yanayofuata, kwamba wasichana hao walikuwa wamedai nyongeza ya ujira wa rupia 3 kwa siku.

Kinachoitofautisha na filamu nyingine za upelelezi ni namna inavyouonyesha ubaguzi kama utaratibu wa kawaida wa maisha, unaofuatwa na watu wenye adabu zao. Mapema kabisa Ayan anataka kununuliwa chupa ya maji njiani, na askari walio naye wanamweleza kwa heshima kwamba kijiji kile ni cha watu wa tabaka la chini, na hivyo hawawezi kununua kitu mikononi mwao. Hakuna anayefoka wala kutukana. Wanamweleza kama vile mwenyeji anavyomwonya mgeni kwamba barabara fulani ina mashimo. Ndani ya gari inasimuliwa pia hadithi ya kijiji kilichoachwa kiwe gizani ili kasri la mfalme Ram lionekane liking'aa zaidi, na msimuliaji anaisimulia kwa fahari. Nilipoirudia filamu ndipo nilipotambua kwamba hadithi hiyo inabeba hoja nzima ya Sinha, nayo imewekwa mahali ambapo mtazamaji bado anajiweka sawa kwenye kiti.

Mpigapicha Ewan Mulligan ameijaza filamu ukungu, matope na rangi ya majivu. Kuna picha moja ambayo naamini kila aliyeitazama anaikumbuka: mfanyakazi wa usafi anaingia katika shimo la majitaka akiwa hana glavu wala kinga yoyote, anazama mzima mzima katika maji meusi, kisha anaibuka amejaa uchafu kichwani na usoni, anautoa kwa mikono na kuzama tena. Kamera haiondoki. Hakuna muziki wa kumwonea huruma, na hakuna mhusika anayekuja kutueleza tunachokiona. India ilitunga sheria mwaka 2013 ya kupiga marufuku kazi ya kusafisha vinyesi kwa mikono, na picha hiyo inaonyesha kwa sekunde chache kwamba sheria kuandikwa ni jambo moja na kutekelezwa ni jambo jingine. Katika kisa, wafanyakazi wa usafi wanapogoma, uchafu unarundikana hadi kituoni kwa polisi, na watu waliokuwa hawaonekani wanaanza kuonekana kwa sababu ya pengo waliloliacha.

Niliitazama sehemu kubwa ya filamu hii nikiwa na shangazi yangu, ambaye amezipenda filamu za Kihindi tangu enzi ambazo Amitabh Bachchan alikuwa akijaza kumbi za Tanga. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza: "Mwanangu, hawa si Wahindi wote? Sasa wanabaguana kwa lipi?" Nilimwomba avute subira, kwa sababu jibu lilikuwa njiani. Ayan anawakusanya watu wake uani na kumuuliza kila mmoja tabaka lake. Jatav, askari wa Kidalit anayeigizwa vizuri mno na Kumud Mishra, anajibu kwamba yeye ni Chamar, kundi mojawapo la Wadalit, tena anaharakisha kueleza kwamba wasichana waliouawa ni Wapasi, walio chini zaidi, na kwamba watu wake hawali pamoja nao. Ayan anapotaka kujua yeye mwenyewe yupo ngazi gani, anaambiwa kwamba hata miongoni mwa Wabrahmin kuna ngazi. Katika mazungumzo yale mafupi mtazamaji wa Tanga, Mombasa au Bujumbura anaelewa jambo ambalo filamu zote za mapenzi na dansi hazikuwahi kumweleza: kwamba ngazi hii ina daraja kwa kila mtu, na kila aliye juu ya mwingine, hata kwa daraja moja, ana kitu cha kukilinda. Shangazi alisema, "Kumbe hata aliyeonewa ana wa kumwonea," kisha akaniomba niirudishe nyuma aitazame tena.

Sasa niingie kwenye mzozo wenyewe. Kabla filamu haijatoka, vikundi vya Wabrahmin vilianza kudai kwamba imekusudia kuwachafua. Filamu imechota katika matukio kadhaa ya kweli, na linalofahamika zaidi ni la Badaun, Uttar Pradesh, la mwezi Mei 2014, ambapo wasichana wawili wa ukoo mmoja walikutwa wametundikwa kwenye mwembe. Waandamanaji walisema watuhumiwa wa Badaun walikuwa wa jamii ya Yadav, ambayo si ya Wabrahmin, hivyo kuwahusisha Wabrahmin na uhalifu wa namna hiyo ni kuwasingizia. Sinha aliwaandikia barua ya wazi kuwahakikishia kwamba hakukusudia kuwavunjia heshima. Hata hivyo, baadhi ya kumbi mjini Kanpur zilisitisha maonyesho kutokana na maandamano, na jumuiya moja ya Wabrahmin ilikwenda hadi Mahakama ya Juu kuomba kibali cha filamu kifutwe, ikilalamikia pia jina lake, ambalo ni la ibara ya Katiba ya India. Mahakama hiyo, mwezi Julai 2019, ilikataa kulisikiliza ombi hilo na kuwaelekeza wapeleke malalamiko yao kwenye mamlaka inayohusika.

Nimelipima dai hilo kwa haki kadiri nilivyoweza, na naona linaanguka kwa sababu mbili. Kwanza, filamu haijajitangaza kuwa taarifa ya Badaun. Tukio lile lenyewe lilibaki na utata mkubwa: wapelelezi wa serikali kuu walihitimisha mwaka 2014 kwamba wasichana walijiua, na mwaka 2015 mahakama ikakataa kuifunga kesi kwa msingi wa ripoti hiyo. Tena familia ile haikuwa ya Kidalit, bali ya jamii inayohesabiwa miongoni mwa zilizo nyuma kimaendeleo. Sinha alichukua picha ya mwembe, akaichanganya na tukio la Una, jimboni Gujarat, la mwaka 2016, ambapo vijana wa Kidalit walichapwa hadharani kwa sababu ya kuchuna ng'ombe aliyekufa, akatunga kisa chake. Pili, na hili ndilo lililonishangaza, mtu anayeokoa kila kitu katika filamu hii ni Mbrahmin. Walioandamana walikuwa wanaipinga filamu iliyowapa wao shujaa.

Na hapo ndipo lilipo lalamiko la pili, lililoandikwa na wahakiki na wanaharakati wa Kidalit wenyewe. Wanauliza: kwa nini hata katika hadithi ya mateso yetu, anayepewa akili, hasira na ushindi ni mtu wa tabaka la juu anayeshuka kutoka Delhi? Mtetezi wa filamu atajibu kwamba mhusika kama Ayan ni kioo cha mtazamaji aliyebahatika, ambaye ndiye anayepaswa kujitazama, na kwamba mtazamaji huyo asingeingia ukumbini kama asingemkuta mtu anayefanana naye. Naielewa hoja hiyo, na nakubali kwamba kwangu mimi, mgeni wa mambo haya, Ayan alinisaidia kwa sababu aliuliza maswali ambayo ningeyauliza. Lakini kumsaidia mgeni kuelewa hakuondoi gharama anayoilipa mwenyeji.

Gharama hiyo inaonekana wazi kwa Nishad. Ndiye kiongozi wa vijana wa Kidalit, anayeigizwa na Mohammed Zeeshan Ayyub kwa sauti ya chini isiyo na papara, na kila anapoonekana filamu inapata uhai mwingine. Ana hotuba inayosema kwamba watu wake wamepachikwa majina mengi, mara Harijan, yaani watu wa Mungu, mara Bahujan, yaani walio wengi, ila hawajawahi kuhesabiwa kuwa watu tu. Ana mpenzi, Gaura, anayeigizwa na Sayani Gupta, ambaye ni dada wa Pooja aliyepotea. Kwa hiyo ana kila sababu ya kuwa mhusika mkuu: uchungu, uongozi, mapenzi, hatari. Filamu inamtazama kwa mbali, inamuua kabla ya kumaliza kazi yake, na kazi inakabidhiwa Ayan. Gaura anabaki kulia na kusubiri. Daktari mwanamke wa Kidalit anayefanya uchunguzi wa miili, na anayeshinikizwa abadilishe ripoti, ana ujasiri mkubwa kuliko Ayan kwa kuwa yeye hana tabaka la juu la kumkinga, lakini amepewa dakika chache tu. Nyota yangu ya tano imebaki hapo. Ningeipa filamu hii alama kamili kama Sinha angethubutu kumfuata Nishad nyumbani kwake kama anavyomfuata Ayan.

Wahakiki wengi nchini India waliipokea kwa sifa, na katika tuzo za Filmfare, tuzo kubwa za filamu za Kihindi, za mwaka 2020 ilichaguliwa na wahakiki kuwa filamu bora, heshima iliyogawanywa na filamu nyingine, huku Khurrana akipata tuzo ya wahakiki ya mwigizaji bora wa kiume, na kisa chake kikipewa tuzo ya kisa bora. Khurrana anastahili, anajua kumwigiza mtu anayeona haya kwa kuchelewa kujua. Hata hivyo, ningempa kipaumbele Manoj Pahwa, anayeigiza ofisa Brahmadatt. Ni mtu mnene, mpole wa maneno, anayewalisha mbwa biskuti kwa upendo wa kweli, na anayemshauri Ayan asivuruge mizani ya mji. Pahwa hamfanyi kuwa shetani, ndiyo maana anatisha. Unamwona ni mjomba wa mtu fulani.

Jina la filamu linatokana na Ibara ya 15 ya Katiba ya India, ambayo ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na rasimu yake iliandaliwa na kamati iliyoongozwa na B. R. Ambedkar, ambaye alizaliwa Mdalit. Inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, asili, tabaka, jinsia au mahali pa kuzaliwa, na inataja hata maduka, migahawa, visima na barabara. Ayan anaichapisha na kuibandika kwenye ubao wa matangazo kituoni. Wapo walioliona tendo hilo kuwa jepesi, kwamba karatasi haimfundishi mtu utu. Mimi nililichukulia kwa uzito. Polisi wale walikula kiapo kwa Katiba hiyo, na wengi wao, kwa jinsi wanavyoisogelea na kuisoma, inaonekana hawajawahi kukutana na maneno yake. Kwa mtu aliyeishi katika nchi ambayo haki nyingi zimeandikwa vizuri na zinajulikana na wachache, tukio hilo linagusa.

Kwa anayetaka kuitazama, nina machache ya kumwambia. Picha nyingi ni za usiku na ukungu, kwa hiyo simu ndogo itamnyima nusu ya kazi ya Mulligan. Atafute skrini kubwa na azime taa. Maandishi ya tafsiri ya Kiingereza yanapita haraka katika mazungumzo ya kituoni, na asione tabu kurudisha nyuma kama tulivyofanya sisi. Watoto wasikae sebuleni, kwa sababu miili ya wasichana inaonyeshwa, tena mapema. Na akishamaliza, aitafute Fandry ya mwaka 2013, filamu ya Kimarathi ya Nagraj Manjule, mwongozaji aliyekulia ndani ya maisha hayo hayo. Humo pia mna nguruwe na matope na kijiji kinachocheka, ila anayeibeba hadithi tangu mwanzo hadi mwisho ni Jabya, kijana wa Kidalit, na hakuna ofisa yeyote anayekuja kumwokoa.