TAHADHARI KIGOMA: Anauza "seva mpya yenye faiawoli", kisha anakulipisha kuifungua

Ndugu zangu wenye maduka Mwanga, Ujiji, Kibirizi na hata Kasulu, someni hili kabla hamjatoa hela. Jina la huyu bwana siliandiki kwa sababu suala liko polisi. Namna anavyofanya kazi ndiyo naieleza yote.

Nina duka la vifaa vya ujenzi, kaunta tatu. Nilitaka seva, yaani kompyuta kuu, ya programu ya mauzo, nikiwa safarini nione kilichouzwa. Akanishauri seva yenye kadi mbili za mtandao: moja ielekee kwenye ruta ya intaneti, nyingine kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za kaunta, katikati akae "mlinzi", yaani faiawoli, programu inayochuja kinachoingia na kutoka. Ushauri wenyewe ni mzuri, sina ugomvi nao. Nikamlipa 2,800,000 kwa simu, namba yenye jina la mtu nisiyemjua. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, "italetwa kesho". Mpaka leo.

Siku ya tatu kaunta zote zikaganda. Mauzo hayaingii, mteja ana mifuko 40 ya saruji tayari iko kwenye toroli. Nikampigia. "Bosi, hiyo ni faiawoli inafanya kazi yake. Laki moja nije niifungue." Akaja, akageuzia skrini upande wake, dakika kumi, kaunta zikapona. Baada ya wiki, hivyo hivyo. Mara nyingine kaunta ziko sawa ila intaneti haipo. Nimelipa laki mara tatu.

Kilichonifumbua macho ni kijana wa kaunta. Alikuwa anafagia, akachomoa kwa bahati mbaya waya unaotoka kwenye ruta. Kaunta zikafufuka zote palepale. Akaurudisha, zikafa. Nikajiuliza, faiawoli gani hii inayotii ufagio?

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta, akashuka na treni kuja likizo. Hata chai hajamaliza akaandika kwenye seva ip route, amri ya kuonyesha njia za mtandao, akacheka. "Mjomba, hizi kadi zote mbili ziko mtandao mmoja." Moja ilikuwa na anwani 192.168.1.10, nyingine 192.168.1.20, na zote zimeelekezwa lango lilelile la ruta, yaani njia ya kutokea kwenda intaneti. Kaunta ikiuliza kitu, swali linaingia kwa mlango wa ndani, lakini jibu seva inalitolea mlango wa mbele, linapotelea kwenye ruta. Ukiwasha upya, kadi inayotangulia inaweza kubadilika, basi tatizo linahama upande. Ndiyo "kufungua" nilikokuwa nalipia: kuizima na kuiwasha.

Akahamishia kaunta kwenye mtandao wao wenyewe, anwani zinazoanza na 192.168.10, lango akaliacha kwenye kadi ya nje peke yake. Haikufika saa nzima, na haijaganda tena.

Na faiawoli? Akaandika iptables -L, amri ya kuorodhesha kanuni za faiawoli, nikaona kwa macho yangu. Hakuna kanuni hata moja, kila kinachokuja kinapokelewa. Kilichokuwa "kinazuia" hakikuwepo kabisa.

Hapo bado nilikuwa nacheka. Kicheko kiliisha tulipofungua ruta. Kumbe yule muuzaji alikuwa ameelekeza mlango namba 22, unaotumika kuendesha seva ukiwa mbali, kutoka nje moja kwa moja hadi kwenye seva, na ndani ya seva kuna akaunti ya pili yenye mamlaka yote, siyo yangu. Iliingia mara ya mwisho saa nane usiku. Humo mna madeni ya wateja wangu, majina na namba zao za simu! Tulipiga picha skrini zote kwanza kwa ajili ya polisi, ndipo tukafunga mlango na kubadilisha nywila. Mpwa wangu anasema hata hivyo seva ifutwe na kuwekwa upya yote, kwa kuwa hatujui kingine alichoacha.

Na ule "upya" wa seva nao ni stori. Kwenye feni kulikuwa na vumbi limegandamana kama ugoro. Diski tukaiuliza kwa smartctl, programu ya kukagua hali ya diski, ikajibu imewaka saa 41,206, yaani zaidi ya miaka minne na nusu bila kulala. Kadi ya pili ya mtandao, aliyoisifu kuwa ina kasi ya gigabiti, inaishia megabiti 100, sehemu moja ya kumi.

Kwa hiyo anayekuuzia, mwambie akuonyeshe saa za diski na kanuni za faiawoli mbele yako, wewe ukiwa umekaa kwenye kiti kinachotazama skrini. Akabidhi nywila zote za seva na za ruta. Na hela itoke siku ambayo risiti ya EFD iko mkononi, siyo kesho.

Juzi kanipigia kwa namba nyingine: "Mzee, nasikia seva inasumbua tena, nije?" Haisumbui. Ameona tu mlango wake umefungwa.

Mpwa wangu yupo hadi Jumamosi ijayo. Mwenye seva ya huyu bwana achomoe waya wa ruta kwanza, kisha aje dukani.